Risasi za Rangi katika Penseli ya Kubonyeza: Maswali ya Wasomaji wa Dodoma na Kanda ya Kati

Tangu safu hii ilipojibu swali moja fupi kuhusu penseli za kubonyeza, barua zimeendelea kutufikia kutoka Dodoma mjini, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, na karibu zote zinagusa jambo moja, nalo ni risasi za rangi, yaani vile vijiti vyembamba vya kuandikia vinavyoingizwa ndani ya penseli hizo. Hatukushangaa. Mji uliotangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, baada ya Serikali kuanza kuhamishia ofisi zake huko mwaka 2016, una wapima ardhi, wachoraji wa ramani, wanafunzi wa jiolojia na makarani wengi, na hao wote hufanya kazi ambazo mstari mwembamba wa rangi huonyesha kile ambacho mstari mweusi hauwezi kuonyesha. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na baadhi tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Kwa nini hukatika hivi?

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa jiolojia hapa Dodoma. Tunapokwenda uwandani tunatakiwa kuweka rangi kwenye ramani papo hapo. Nilinunua risasi za rangi za milimita 0.5 nizitumie katika penseli yangu ya kubonyeza, ambayo kwa risasi nyeusi haijawahi kunisumbua. Hizi za rangi hukatika kabla sijamaliza neno la pili. Je, penseli ni mbovu, risasi ni bandia, au mkono wangu ndio mzito?*

JIBU: Penseli yako ni nzima, na si lazima risasi hizo ziwe bandia. Kinachokusumbua ni kwamba risasi ya rangi na risasi nyeusi zinafanana umbo tu, ilhali ndani yake ni vitu viwili tofauti kabisa, na anayeitumia moja kama anavyoitumia nyingine atavunja nyingi.

Risasi nyeusi ya penseli ya kubonyeza hutengenezwa kwa unga wa grafaiti (aina ya kaboni nyeusi na laini) uliochanganywa na polima, kitu cha jamii ya plastiki, ukasukumwa katika tundu dogo hadi ukawa uzi, kisha uzi huo ukachomwa katika tanuri lisiloingiza hewa kwa joto linalokaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Moto huo huigeuza polima kuwa kaboni, na kaboni hiyo ndiyo inayozishika chembe za grafaiti pamoja, na mwisho kijiti hulowekwa katika mafuta ili kiteleze vizuri juu ya karatasi. Kampuni ya Kijapani ya Pentel ilianza kuuza risasi za namna hii mwaka 1960. Kabla ya hapo grafaiti ilishikanishwa kwa udongo wa mfinyanzi, kwa njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795, na ingawa njia hiyo inaendelea kuzifaa penseli za mti mpaka leo, haikuweza kutoa kijiti chenye unene wa nusu milimita kinachostahimili mkono wa mwandishi.

Risasi ya rangi ya kawaida haiwezi kupitishwa katika tanuri hilo, kwa sababu rangi nyingi zingeungua, na hata ile ambayo isingeungua ingefunikwa na weusi wa kaboni iliyokusudiwa kuishikilia. Kwa hiyo watengenezaji huchanganya unga wa rangi, unga mweupe wa kujazia kama talki au kaolini (udongo mweupe ule ule unaopatikana katika vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam), gundi na nta, kisha hukausha mchanganyiko huo bila kuuchoma. Kijiti kinachopatikana ni laini na kina rangi nzuri, lakini hakijawahi kuuona moto uliompa mwenzake mweusi ugumu wake.

Sasa ongeza suala la unene. Risasi inayouzwa kwa jina la 0.5 kwa hakika ina kipenyo cha takriban milimita 0.56, na zile za 0.7 na 0.9 zinakaribiana sana na majina yake. Uwezo wa kijiti cha mviringo wa kuhimili kupindwa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake, na maana yake ni kwamba risasi za mchanganyiko mmoja zikichomozwa kwa urefu sawa, ile ya 0.7 itahimili karibu mara 2 ya ile ya 0.5, ya 0.9 itahimili takriban mara 4, na ya milimita 2 itahimili zaidi ya mara 40. Hakuna ushauri kuhusu wepesi wa mkono utakaoshindana na hesabu hiyo. Ndiyo maana nakuomba uache kabisa risasi za rangi za 0.5 zenye nta, uanzie 0.7 ikiwa mistari yako ni lazima iwe myembamba, na uende 0.9 au 2.0 pale ambapo ramani inaruhusu.

Urefu uliochomoza nje una uzito wake pia. Ukiupunguza kwa nusu, nguvu inayohitajika kuivunja risasi huwa maradufu, hivyo anayebonyeza mara tatu kwa mazoea aliyoyapata kwenye risasi nyeusi anajitafutia hasara mwenyewe. Bonyeza mara moja, andika, bonyeza tena. Isimamishe penseli zaidi kidogo kuliko ulivyozoea, kwa kuwa penseli iliyolala huipinda risasi, ilhali iliyosimama huisukuma kuelekea ndani, na kijiti cha namna hii huhimili kusukumwa kuliko kupindwa.

Zipo risasi za rangi nyembamba zilizo imara zaidi. Njia mojawapo iliyobuniwa ni kuchoma kwanza kijiti cheupe chenye vinyweleo vingi, na baada ya kupoa ndipo kinaponyweshwa wino wa rangi, kwa hiyo rangi haipiti motoni. Mitsubishi Pencil ya Japani, inayouza kwa jina la Uni, hutengeneza risasi za rangi za 0.5 katika jamii ya Nano Dia, na Pilot hutengeneza Color Eno za 0.7 katika rangi 8. Usitarajie kuzikuta katika kila duka la vifaa vya shule; mwombe muuzaji akuagizie, na umtajie namba ya unene pamoja na jina, kwani muuzaji asiyejua hukupa yoyote iliyo karibu.

Jambo la mwisho linahusu kazi yenyewe. Hata risasi iliyo bora si chombo cha kujazia eneo zima la ramani. Itumie kwa mipaka ya miamba, mistari ya nyufa, alama za mwinamo na maandishi madogo, na eneo lijaze kwa penseli ya mti au kwa risasi ya milimita 2 iliyolazwa. Katika mpangilio wa rangi unaotumiwa kimataifa kwa ramani za jiolojia, bluu ni ya kipindi cha Jurasiki, kijani ni cha Kretasia, na waridi kali ni ya enzi ya Akea. Miamba ya sehemu kubwa ya eneo la Dodoma ni ya Akea, yenye umri unaozidi miaka milioni 2,500, kwa hiyo mwanafunzi wa hapa atamaliza waridi na nyekundu wakati kijani hakijaguswa. Tafuta muuzaji wa vibweta vya rangi mojamoja kabla ya kununua seti, na kabla ya yote fuata ufunguo wa ramani aliokupa mwalimu wako.

SWALI: Kishikio cha milimita 2

*Ndugu Mhariri, nachora ramani za viwanja huko Manyoni. Mwenzangu ananishauri niachane na penseli nyembamba ninunue kile kishikio kinene chenye kucha zinazofunguka mbele. Je, ni kitu cha zamani kilichopitwa na wakati, au bado kina maana?*

JIBU: Mwenzako amekushauri vizuri, na kwa risasi za rangi mimi naona hakuna chombo kinachokizidi. Caran d'Ache ya Geneva ilianza kuuza kishikio chake cha aina hiyo, Fixpencil, mwaka 1929, na mpaka sasa kinatengenezwa. Koh-i-Noor Hardtmuth ya Jamhuri ya Cheki na Staedtler ya Ujerumani nao hutengeneza vishikio na risasi za rangi za milimita 2 zinazoviingia. Risasi moja ina urefu wa takriban milimita 120 hadi 130, ilhali zile nyembamba kwa kawaida zina milimita 60, na kucha za chuma huishika kwa nguvu bila kuteleza, jambo ambalo taya za plastiki za penseli za bei nafuu hushindwa zinapokutana na nta. Kishikio kile kile kitapokea risasi nyeusi leo na nyekundu kesho. Pentel ina chombo kiitwacho Multi 8, kinachobeba risasi 8 za milimita 2 ndani ya mwili mmoja, nacho kinamfaa sana mtu wa uwandani asiyetaka kubeba mfuko wa penseli.

Yako mambo mawili ambayo wanaokitumia mara ya kwanza hawaelezwi. Katika vishikio vingi vya namna hii, ukibonyeza hadi mwisho kucha zote hufunguka na risasi nzima huanguka sakafuni, na risasi ya rangi ikiangukia saruji huvunjika vipande hata kama kwa nje inaonekana nzima. Kwa hiyo weka kidole au karatasi mbele ya ncha kila unapobonyeza, na uiache risasi iteremke taratibu. La pili ni kuchonga. Vichongeo vya kuzungusha vilivyotengenezwa kwa ajili ya risasi nyeusi huziba haraka kwa nta ya rangi, na meno yake yakishaziba huivunja ncha badala ya kuinoa. Tumia kipande cha msasa laini kilichobandikwa juu ya ubao mdogo, izungushe risasi juu yake huku ukiilaza, kisha ifute ncha kwa kitambaa ili unga usianguke kwenye ramani. Wembe nao unaweza kufanya kazi hiyo, ila huacha pembe zinazokatika unapoanza kuchora.

Kwa mstari wa mpaka wa kiwanja unaotakiwa kuwa na upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho, endelea na 0.7. Ncha ya milimita 2 huchakaa na kupanuka kadiri mstari unavyoendelea, na ufundi wote unaoweza kuufanya ni kuizungusha vidoleni unapochora.

SWALI: Mtoto wa darasa la tatu

*Mhariri, habari za kazi. Binti yangu anasoma darasa la tatu na anataka penseli ya kubonyeza yenye risasi za rangi kama ya kaka yake. Nimnunulie?*

JIBU: Salama, mama. Mnunulie penseli za rangi za mti. Mkono wa mtoto wa umri huo ungali unajifunza kukadiria uzito wa kubana, na risasi za rangi nyembamba zitamkatikia hadi achukie kuchora. Akifika darasa la sita au la saba, na akiwa anaandika kwa wepesi, mwanzishie 0.9 au kishikio cha milimita 2.

SWALI: Kufuta

*Ndugu Mhariri, ninasomea mipango ya maendeleo. Katika michoro ya matumizi ya ardhi tunatumia rangi kwa makazi, mashamba na njia za maji. Nikikosea na kufuta, raba hueneza rangi na kuacha doa baya kuliko kosa lenyewe. Kuna namna?*

JIBU: Nta ndiyo inayokuponza. Unaposugua, joto la msuguano huilainisha, nayo huchukua unga wa rangi na kuupaka kwenye nyuzi za karatasi zilizokuwa safi. Kadiri unavyosugua kwa hasira ndivyo doa linavyopanuka. Ianze kazi bila kusugua kabisa: chukua raba laini ya kufinyangwa, ibonyeze juu ya mstari na kuiinua, mara kadhaa, ukigeuza upande safi kila mara, ili rangi iliyokaa juu ya karatasi inyanyuke. Baada ya hapo ndipo utumie raba nyeupe ya plastiki, yenye kona safi, kwa mikwaruzo mifupi ya kuelekea upande mmoja, kuanzia nje kuja ndani ya doa. Ile raba ya waridi yenye chembechembe iweke mbali, kwa kuwa huchana uso wa karatasi, na uso uliochanika hunywa rangi inayofuata kuliko uso mzima.

Hata hivyo dawa ya kweli ni kuchagua risasi inayofutika tangu mwanzo. Color Eno na risasi za rangi za Nano Dia zilizotajwa hapo juu zimetengenezwa zifutike kwa raba, na rangi zake ni hafifu kidogo zikilinganishwa na zile zenye nta nyingi. Mimi ningechora rasimu yote kwa hizo, na mchoro ukishakubaliwa ningeyajaza maeneo kwa penseli za mti. Jaribu kila rangi kwenye pembe ya karatasi ile ile utakayoitumia, kwa kuwa rangi zote za seti moja hazifutiki kwa wepesi sawa, na karatasi yenye mng'ao haishiki wala haifutiki kama karatasi yenye ukwaru kidogo.

Wasomaji kadhaa wamezichanganya risasi hizi na kalamu za wino unaofutika kwa joto, kama FriXion za Pilot, na kosa hilo linaweza kumgharimu mtu. Wino wa kalamu hizo hupoteza rangi joto linapofika karibu nyuzi 60, na gari lililofungwa vioo na kuachwa juani mchana wa Oktoba hapa Dodoma linaweza kuifikia hali hiyo juu ya dashibodi. Ukurasa ulioandikwa kwa wino huo huweza kurudi mtupu. Risasi inayofutika kwa raba haifanyi hivyo. Huondoka kwa kusuguliwa tu.

SWALI: Alama zisizotokea kwenye nakala

*Ndugu Mhariri, nafanya kazi katika ofisi moja huko Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma. Kazi yangu ni kupitia rasimu za nyaraka kabla hazijachapwa. Nimesikia kwamba ipo rangi ya penseli isiyoonekana kwenye fotokopi. Ni kweli? Na je, naweza kusahihisha kwa risasi ya rangi badala ya kalamu nyekundu?*

JIBU: Ni kweli kwa sehemu. Rangi hiyo ni bluu hafifu, na sifa yake ilitokana na filamu iliyotumika zamani kupiga picha kurasa zilizokuwa zikiandaliwa kwa uchapaji. Filamu hiyo iliiona bluu hafifu sawa na weupe wa karatasi, kwa hiyo mpangaji wa kurasa aliweza kuandika maelekezo yote aliyotaka bila kuyafuta, na yasitokee katika chapa. Mashine za leo za kunakili na kuskani huona rangi zote, na bluu yako itatokea, hafifu au wazi kulingana na ilivyorekebishwa mashine.

Hata hivyo faida yake haijapotea. Iskani karatasi kwa rangi, ifungue katika programu ya picha inayoweza kutenganisha chaneli tatu za nyekundu, kijani na bluu, kisha ubakize ya bluu peke yake: alama za bluu hafifu zitazama katika weupe wa karatasi, na maandishi meusi yatabaki. Ukibakiza chaneli nyekundu, zitakazopotea ni alama nyekundu. Kwa njia hiyo watu wawili wanaweza kusahihisha karatasi moja, mmoja kwa bluu na mwingine kwa nyekundu, na baadaye kila mmoja akatazamwa peke yake.

Kuhusu kusahihisha rasimu, ninaunga mkono kwa moyo wote. Risasi nyekundu ya 0.7 huandika maneno madogo kati ya mistari kwa usafi, haipiti upande wa pili wa karatasi, na mhariri akibadili mawazo anaweza kufuta. Epuka njano, ambayo hupotea kwenye nakala nyeusi na nyeupe hata pale usipotaka ipotee. Na kwa kuwa inafutika, risasi ya rangi isitumike kamwe kwa sahihi, tarehe, kiasi cha fedha wala chochote kitakachowekwa kwenye faili kama uamuzi.

SWALI: Michoro ya ukutani

*Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari wilayani Kondoa. Wanafunzi wangu wamenakili michoro ya miambani ya Kolo kwa risasi za rangi, kazi nzuri mno, nasi tumeibandika ukutani mkabala na dirisha. Itadumu?*

JIBU: Mwalimu, iondoeni mkabala na dirisha leo hii. Michoro mliyoinakili, iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, ina wekundu unaotokana na oksidi ya chuma, rangi ya udongo ambayo jua haliiwezi. Risasi za rangi hazina uthabiti huo kwa pamoja. Baadhi ya rangi zake ni za madini, lakini nyingine, hasa waridi, zambarau na zile angavu mno, mara nyingi hutokana na rangi zinazovunjwavunjwa na mwanga. Kwa penseli za rangi za wasanii kipo kipimo kinachojulikana cha ustahimilivu wa mwanga, ASTM D6901, na watengenezaji wanaokifuata huonyesha daraja la kila rangi. Risasi za penseli za kubonyeza kwa kawaida huuzwa bila daraja lolote.

Jipimieni wenyewe, na somo litawanufaisha wanafunzi. Chora mistari ya rangi zote juu ya karatasi moja, funika nusu ya kila mstari kwa karatasi nene isiyopitisha mwanga, kisha bandika dirishani upande wa jua. Baada ya majuma kadhaa ya kiangazi fungueni mlinganishe pande mbili. Rangi ambazo nusu zake zinatofautiana zitumieni madaftarini tu. Kazi za ukutani zipelekeni kwenye ukuta usiopigwa na jua, na nakala bora zaidi muziweke ndani ya jalada.

SWALI: Nguo nyeusi

*Shikamoo mhariri. Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu Majengo hapa Dodoma. Nashona sare za shule, na kwenye kitambaa cheusi au cha bluu iliyoiva chaki yangu hutoa mstari mpana sana. Je, zipo risasi nyeupe za kubonyeza?*

JIBU: Marahaba, fundi. Zipo, ila usinunue zile za kuandikia kwenye karatasi. Nta iliyomo huingia kwenye nyuzi, na pasi ya moto ikipita juu yake alama inaweza kubaki hapo hata baada ya kufuliwa. Bohin ya Ufaransa hutengeneza penseli ya kubonyeza yenye risasi za chaki za milimita 0.9 kwa ajili ya vitambaa, na Sewline nao wana yao ya unene huo huo. Zote zina risasi nyeupe. Mstari wake ni mwembamba na hufutika kwa brashi, kwa raba yake au kwa maji.

Risasi hizo nazo hukatika kitambaa kinapovutika chini ya ncha. Laza kipande kikubwa cha msasa laini mezani, uso wenye chembe ukitazama juu, kisha utandaze kitambaa juu yake. Hakitateleza, na mkono wako hautalazimika kubana. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki ya kitambaa kile kile, ukifue na kukipiga pasi kabla ya kugusa sare ya mteja. Kwa mistari mirefu ya kukatia endelea na chaki yako, ambayo ni nafuu na ya haraka, na penseli iwe ya matundu ya vifungo, alama za mifuko na pindo.

SWALI: Imeziba

*Ndugu Mhariri, penseli yangu ya 0.7 iliyokuwa na risasi za rangi haitoi kitu. Nikibonyeza nasikia mlio wa kawaida lakini risasi haitoki. Niliiacha kwa siku kadhaa kwenye gari la mjomba tulipokuwa tukisafiri kati ya Mpwapwa na Dodoma. Je, imekufa?*

JIBU: Haijafa. Imepatwa na mambo mawili ambayo kanda yetu inayo kwa wingi, joto na vumbi. Nta za namna ya parafini huanza kuyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 kulingana na aina, na kabla ya kuyeyuka huwa laini. Ndani ya gari lililoegeshwa juani risasi zako zilipinda kidogo, zikanatana, na yaliyokwaruzika kutoka kwake yakaganda kwenye taya. Vumbi la kiangazi nalo huingia kupitia mrija wa ncha ulioachwa wazi, likachanganyika na mabaki hayo.

Ondoa kifutio cha nyuma na umwage risasi zote. Zile zilizopinda zitupe, maana hazitanyooka. Fungua ncha ya mbele kwa kuizungusha, na kama penseli yako ilikuja na sindano nyembamba chini ya kifutio, ipitishe kwenye mrija kutoka mbele kwenda nyuma. Usitumie sindano ya kushonea, ambayo hunenepa kadiri inavyoingia na huweza kuupanua mrija mpaka risasi ikawa inachezacheza humo milele. Taya zifute kwa kitambaa chenye tone la spiriti, ukiwa mwangalifu isiguse plastiki, kisha uache zikauke. Hakikisha pia kwamba hukuingiza kwa bahati mbaya risasi ya 0.5, kwa kuwa hiyo huteleza katikati ya taya za 0.7 na kukupa mlio ule ule usio na matokeo.

Baada ya hapo usiweke zaidi ya risasi mbili za rangi kwa wakati mmoja, na penseli moja iwe ya rangi moja, la sivyo nyekundu itatoka ikiwa imepakwa bluu. Kipande cha mwisho kinachozidi kidogo sentimita moja, ambacho taya haziwezi tena kukishika, kivute kwa vidole ukitupe. Risasi nyeusi inayofuata huweza kukisukuma mwenzake hadi mwisho, lakini za rangi huzunguka zikiwa zimekutana na kuharibu mstari. Unapomaliza kuandika, bonyeza na uirudishe risasi ndani, uifunge penseli katika kibweta, na kibweta ukiweke mfukoni au kwenye mkoba unaokaa nawe kivulini.

Kabla ya kurudisha rangi, ingiza risasi moja nyeusi ya 0.7 na uandike nayo mistari michache kwenye karatasi chakavu. Itasukuma nje mabaki yaliyosalia mrijani. Mistari ikitoka myeusi mitupu, penseli iko tayari. Ikitoka na michirizi ya rangi, rudia kuusafisha mrija.